Dakti za AC Zinazovujisha Hewa Nje: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Malindi na Lamu

Maswali haya ndiyo ninayoulizwa tena na tena na wenye nyumba, waangalizi wa majumba ya wageni na mafundi wenzangu, kuanzia Casuarina hadi Shela. Jibu likishatolewa mahali pamoja sitalirudia; nitakuelekeza swali la kutazama.

## Mambo ya mwanzo

Kupima uvujaji wa dakti kwenda nje ndiyo kufanya nini?

Dakti ni zile njia za bati, za ubao mwepesi au za mpira unaopindika zinazopeleka upepo wa AC kutoka kwenye mashine hadi vyumbani, na kuurudisha kwenye mashine upozwe tena. Kila vipande viwili vinapounganishwa, upepo unaweza kupata upenyo. Kipimo hiki kinatafuta jambo moja tu: katika upepo wote unaotoroka njiani, ni kiasi gani kinachotoka nje ya nyumba moja kwa moja. Jibu linakuja kwa namba, na namba hiyo inaweza kupimwa tena baada ya kuziba ili ujue kama kazi uliyolipia imefanyika.

AC zangu ni za ukutani. Nahitaji kipimo hiki?

Hapana. AC ya ukutani, yenye kichwa chumbani na kompresa nje, haina dakti. Nyumba nyingi za Malindi na karibu zote za Lamu ziko hivyo, na mtu akitaka kukuuzia kipimo cha dakti kwa nyumba ya aina hiyo, mwambie asante.

Lakini angalia vizuri kabla ya kusema huna dakti. Katika majumba yaliyojengwa au kukarabatiwa karibuni, hasa ya kupangisha wageni, mashine hufichwa juu ya dari ya jipsam na upepo ukatokea kwenye grili ndefu. Hizo zina dakti, hata kama ni ya urefu wa mkono. Na zina ugonjwa wao peke yao, ambao nimeueleza kwenye swali la upande upi ni mbaya zaidi.

Hewa ikivuja si imevujia nyumbani mwangu? Hasara iko wapi?

Ikivujia sebuleni, hasara ni ndogo. Chumba cha mwisho kitapata upepo mdogo kuliko ulivyopangwa, lakini ubaridi bado uko ndani. Ndiyo maana vipo vipimo viwili: cha uvujaji wote, na cha uvujaji wa kwenda nje. Cha pili ni kigumu zaidi kufanya, na ndicho kinachokuonyesha fedha na unyevu.

Dakti zangu zimo darini. Darini si ndani ya nyumba?

Hapa ndipo wengi hukosea. Kwa kipimo hiki, "ndani" ni pale palipofungiwa pamoja na hewa unayoipoza. Nafasi iliyo kati ya dari ya jipsam na paa la mabati au vigae ni nje, ijapokuwa iko chini ya paa lako. Hewa yake inaingia na kutoka kwenye ncha za paa, na saa nane mchana wakati wa kaskazi inachemka kuliko uani. Dakti iliyopita huko inapita nje.

Kama juu ya dari yako kuna zege, na dari imefungwa pande zote bila tundu la kwenda nje, basi nafasi hiyo huenda ikahesabiwa ndani. Usikisie kwa macho. Nyumba mbili zenye ramani moja zinaweza kutoa majibu tofauti kwa sababu fundi wa umeme wa nyumba moja alitoboa ukuta apitishe waya na hakuziba.

## Bili na unyevu

Nikiziba, bili ya umeme itapungua kiasi gani?

Inategemea ulikuwa unapoteza kiasi gani, na hilo ndilo kipimo kinalojibu. Nchini Marekani, ambako dakti ni jambo la kila nyumba, programu ya serikali ya ENERGY STAR inasema nyumba ya kawaida hupoteza kati ya asilimia 20 na 30 ya hewa inayopita kwenye dakti. Usiichukue namba hiyo ukaibandika kwenye nyumba yako. Nimeitaja ili ujue kwamba hasara kubwa si jambo la ajabu.

AC inafanya kazi usiku kucha, mbona nguo kabatini zinanuka ukungu?

Swali hili naulizwa kuliko yote, na kwa pwani yetu nalipa uzito kuliko bili.

Dakti inayotoa upepo ikivuja darini, AC inakuwa inatoa hewa ya nyumba na kuitupa nje. Nyumba haiwezi kubaki na upungufu huo. Hewa nyingine lazima iingie kuijaza. Inaingia chini ya milango, kwenye viungo vya madirisha, kwenye matundu ya swichi. Na hewa inayoingia ni ya Malindi: yenye joto na iliyojaa maji.

Tupige hesabu. Hewa ya nje ikiwa nyuzi 30 na kiwango chake cha umande (joto ambalo hewa ikipoa hadi hapo huanza kuacha maji) nyuzi 25, kila kilo yake imebeba takriban gramu 20 za maji. Ndani, kwa nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 55, kilo hiyo hubeba takriban gramu 11. Basi kila saa zinapoingia mita za ujazo 100 za hewa ya nje, zimekuletea karibu lita nzima ya maji. Kuyaondoa maji hayo na kuipoza hewa yenyewe ni kazi ya karibu kilowati moja ya ubaridi, yaani robo ya nguvu ya AC ya BTU 12,000. Kazi hiyo haikuongezei raha yoyote. Unateka maji kwa pakacha.

Kinachozidisha ubaya ni kwamba hewa hiyo haipiti kwanza kwenye mashine ikakaushwa. Inapita nyuma ya kabati, kwenye ukuta uliopozwa hadi nyuzi 22, na unyevu wake unageuka kuwa matone ya maji pale pale kwa sababu ukuta uko chini ya kiwango cha umande. Ukungu unaota mahali usipopaona. Mwenye nyumba anashusha rimoti hadi 18, ukuta unazidi kupoa, ukungu unashamiri. Nimeona godoro jipya likitupwa kwa sababu hii, na dakti yenye kosa haikuwa hata ya chumba kile.

Upande upi wa dakti ni mbaya zaidi ukivuja, unaotoa upepo au unaouvuta?

Yote mabaya, kila mmoja kwa njia yake. Unaotoa ukivuja, hewa iliyokwisha kupozwa na kukaushwa inapotea, na nyumba inavuta ya nje kama nilivyoeleza. Unaovuta ukivuja darini, mashine inanyonya hewa ya chini ya mabati pamoja na vumbi, manyoya ya popo na kinyesi cha mijusi, kisha inawapulizia waliolala. Mtoto mwenye pumu hahitaji kuelezwa.

Sasa ule ugonjwa wa mashine zilizofichwa. Mara nyingi hazifungiwi dakti ya kuvuta kabisa. Fundi anakata tundu la grili kwenye jipsam, anaiacha mashine ivute kutoka katika nafasi yote iliyo juu ya dari, na kazi inaonekana safi ukiitazama kutoka chini. Kama nafasi hiyo imefungwa kweli, sawa. Lakini ikiwa imeungana na paa, mashine itachukua hewa pale inapopatikana kwa urahisi, na mara nyingi hiyo ni ya paani, si ya chumbani. Mgeni analalamika chumba hakipoi, fundi anaongeza gesi, gesi haikuwa imepungua. Kwa maoni yangu hili ndilo kosa linalogharimu majumba ya Malindi kuliko lolote kwenye ukurasa huu, na dawa yake ni rahisi: boksi la bati au la ubao lililozibwa vizuri kutoka kwenye grili hadi kwenye mdomo wa mashine.

Fundi amesema AC ni ndogo, ninunue kubwa zaidi. Nimsikilize?

Mwombe apime kwanza. Mashine kubwa kwenye dakti zinazovuja inasukuma upepo kwa shinikizo kubwa zaidi, kwa hiyo inavujisha zaidi. Tena mashine iliyopita kiasi hufikisha nyuzi ulizoweka haraka, ikazima, ikawaka, ikazima. AC hukausha hewa ikiwa inafanya kazi mfululizo, kwa hiyo utapata chumba cha baridi chenye unyevunyevu. Bei ya kipimo na mastiki, ile rojo ya kuzibia viungo, haikaribii bei ya mashine mpya.

## Siku ya kipimo

Kipimo chenyewe kinafanywaje?

Kunatumika feni mbili zenye vipimo na manometa inayosoma shinikizo kwa paskali. Grili zote zinafunikwa kwa karatasi ya nailoni inayonata. Feni ndogo inafungwa kwenye grili kubwa ya kuvuta au kwenye mashine yenyewe. Feni kubwa inawekwa mlangoni kwenye fremu yenye turubai.

Feni ya mlangoni inaijaza nyumba hewa mpaka shinikizo la ndani linazidi la nje kwa paskali 25. Kisha feni ndogo inaongezwa taratibu mpaka shinikizo ndani ya dakti linalingana na la nyumba, tofauti ikawa sifuri. Hapo ndipo penye ufundi. Kati ya sehemu mbili zenye shinikizo sawa, hewa haisogei. Matundu yote yanayovujia vyumbani yanakuwa kama yamezibwa, na upepo unaopita kwenye feni ndogo hauna pa kwenda ila nje. Namba inayosomwa kwenye feni ndogo wakati huo ndiyo jibu lako.

Kwa uvujaji wote, feni ya mlangoni haihitajiki: mlango au dirisha linaachwa wazi na dakti peke yake inajazwa hadi paskali 25.

Kwa nini paskali 25?

Ni shinikizo linalokaribia lile la dakti za nyumbani AC inapofanya kazi, na kila mpimaji akitumia hilo hilo, namba zinalinganishika. Ni shinikizo dogo: sawa na uzito wa maji yenye kina cha milimita 2.5. Halitabomoa chochote.

Niandae nini nyumbani?

Funga madirisha na milango ya nje, fungua ya ndani. Zima AC, feni za bafuni na za jikoni. Kama kuna jiko la makaa, udi au ubani, zima na uondoe majivu, maana feni ya mlangoni itayatawanya nyumba nzima. Toa kila kitu kinachoziba grili. Nyumba yenye mashine moja huchukua asubuhi moja. Kila mfumo wa dakti hupimwa peke yake, kwa hiyo jumba lenye mashine tatu ni kazi ya kutwa.

Mbona umekataa kuja mchana wakati wa kusi?

Kwa sababu upepo wa kusi ukipiga ukuta wa mbele unaongeza na kupunguza shinikizo la nyumba kila sekunde, na paskali 25 ni kidogo sana kushindana nao. Manometa inayumba, na namba unayoandika ni ya bahati. Miezi ya kusi kali tunapima alfajiri kabla bahari haijaamka. Wakati wa kaskazi tuna nafasi kubwa zaidi, na matlai, kati ya misimu, ndiyo raha yenyewe.

Umeme ukikatika katikati?

Tunaanza upya usomaji huo. Feni hizi zinatumia soketi ya kawaida, na jenereta ndogo inatosha, mradi ikae mbali na mlango uliowekwa feni. Sababu iko kwenye swali la jenereta.

## Kusoma namba

Ripoti imeandika CFM25. Maana yake nini, na ipi ni nzuri?

Ni futi za ujazo za hewa kwa dakika kwa paskali 25. Futi moja ya ujazo kwa dakika ni karibu mita za ujazo 1.7 kwa saa. Namba hiyo haisemi kitu mpaka uilinganishe na ukubwa wa nyumba.

Kipimo ninachokitumia nakichukua kutoka kanuni ya nishati ya Marekani, IECC. Toleo la 2009 liliruhusu uvujaji wa kwenda nje wa futi 8 kwa kila futi za mraba 100 za sakafu. Toleo la 2012 liliibana zaidi, likaweka futi 4, tena kwa uvujaji wote. Kwa nyumba ya mita za mraba 150, futi 4 ni takriban CFM25 65, yaani mita za ujazo 110 hivi kwa saa. Chini ya hapo kwa uvujaji wa kwenda nje, lala usingizi. Ukifika mara mbili yake, ziba. Ukipita mara nne yake, usitafute nyufa. Kuna dakti iliyochomoka mahali.

Kumbuka kuwa hii ni namba ya paskali 25 kila mahali kwa pamoja. AC ikiwaka, shinikizo karibu na mashine ni kubwa na karibu na grili ni dogo, kwa hiyo tundu la milimita tano ubavuni mwa mashine hupoteza zaidi ya tundu lile lile mwishoni.

Uvujaji wote ni 200 na wa nje ni 40. Nifurahi au nihuzunike?

Furahi. Sehemu kubwa inavujia ndani. Ziba ukipata nafasi ili upepo ugawanyike vizuri, lakini usivunje dari kwa ajili hiyo. Zingekuwa 200 na 180, ningekuambia vunja.

## Kuziba

Selotepu ya kijivu haitoshi?

Haitoshi. Mwaka 1998 watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley huko California walizijaribu aina nyingi za tepu kwenye viungo vya dakti kwa joto na baridi za kupokezana, na ile ya kitambaa yenye gundi ya mpira, ambayo kila duka la vifaa linaiuza, ndiyo iliyoshindwa. Gundi hukauka ikaachia. Chini ya mabati yetu haihitaji muda mrefu.

Tumia mastiki inayopakwa kwa brashi, na pale ufa unapozidi milimita sita weka kwanza wavu wa faibaglasi. Tepu ya foili yenye gundi ya akriliki inafaa kwenye bati safi na kavu. Dakti ya mpira ifungwe kwa mkanda wa kukaza, kisha mastiki.

Nianze wapi?

Kwenye mashine na boksi lake, maana hapo shinikizo ni kubwa. Kisha pale dakti inapokutana na jipsam juu ya kila grili; mafundi wengi huishia pale grili inapokaa sawa, na nyuma yake kidole kinapita. Majumba ya ufukweni yana jambo la ziada: chumvi hula bati kwenye mikunjo na kwenye skrubu, na dakti iliyozibwa vizuri miaka iliyopita inaweza kuwa chujio leo. Bati lililooza badilisha, usilipake.

Kuna dawa ya kupuliza ndani ya dakti bila kuvunja dari?

Ipo, na msingi wake ulitoka maabara ile ile miaka ya 1990. Chembe za gundi zinapulizwa zikajishika kwenye kingo za nyufa. Inafaa kwa nyufa ndogo usizozifikia. Dakti iliyochomoka haiwezi kuiunga.

## Hali zisizo za kawaida

Nyumba yangu ni ya makuti, sebule haina ukuta wa mbele. Utapimaje?

Sebule hiyo haifungiki, kwa hiyo feni ya mlangoni haina cha kujaza. Tunapima vyumba vya kulala peke yake, kila kimoja kama nyumba ndogo, kama vina dari na milango inayofunga. Ikiwa hata chumba kina makuti wazi juu, tunaachana na kipimo cha nje na kupima uvujaji wote, kisha tunauchukulia wote kuwa wa nje. Na nitakuambia wazi: chumba cha makuti wazi kilijengwa kwa ajili ya upepo wa bahari. Feni ya dari na chandarua vinakifaa kuliko AC.

Na nyumba ya mawe ya Lamu?

Ni nadra kukuta dakti, na ni vyema iwe hivyo. Kuta nene za matumbawe na chokaa zinapumua unyevu polepole, na ukizipoza sana unazitia jasho. Mji wa Kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, kwa hiyo usitoboe ukuta, usikate boriti wala kupitisha dakti nyuma ya zidaka kabla ya kuwaona watu wa Makumbusho ya Taifa. Kama dakti tayari ipo, kupima hakuhitaji kutoboa chochote.

Dakti zimepimwa ni nzima, lakini vyumba bado vina unyevu milango ikifungwa.

Huenda tatizo ni milango yenyewe. Kama grili ya kuvuta iko koridoni tu, chumba kilichofungwa kinajaa upepo usioweza kurudi. Hewa inasukumwa nje kupitia madirisha ya chumba, na koridoni inavutwa mpya kutoka nje. Matokeo ni yale yale ya dakti inayovuja. Pima tofauti ya shinikizo kati ya chumba na koridoni AC ikiwaka. Ikizidi paskali 3, punguza mlango chini au weka grili ya kupitishia juu yake.

Nina mdomo wa kuingiza hewa safi kutoka nje. Uachwe wazi?

Uzibwe wakati wa kupima, kwani si uvujaji, uliwekwa makusudi. Ufunguliwe baadaye, na aliyeuziba aandike kwenye ripoti kuwa ameufungua.

Jenereta iko karibu na chumba cha AC. Inahusu nini na dakti?

Inahusu uhai. Dakti ya kuvuta yenye matundu ikipita karibu na moshi wa jenereta, itaunyonya na kuupeleka vyumbani. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na mtu aliyelala haamki. Umeme ukikatika usiku ndipo jenereta na AC zinapofanya kazi pamoja, watu wamefunga madirisha. Ukikuta hali hii usingoje kipimo: sogeza jenereta au urefushe bomba la moshi leo, weka kengele ya kaboni monoksaidi kila chumba cha kulala, kisha ndipo tupange siku ya kupima upande wa kuvuta.

Nyumba bado inajengwa. Nipime lini?

Kabla jipsam haijapigiliwa, dakti zikiwa wazi. Wakati huo kila kiungo kinafikika kwa brashi. Huwezi bado kupima uvujaji wa kwenda nje kwa sababu nyumba haijafungika, kwa hiyo pima uvujaji wote. Toleo lile la IECC la 2012 liliruhusu futi 4 mashine ikiwa imefungwa, na futi 3 ikiwa bado. Andika kwenye mkataba kuwa malipo ya mwisho ya fundi wa AC yatatoka baada ya namba hiyo kupatikana, na uwepo mwenyewe au mwangalizi wako manometa inaposomwa.